Neno Nililolinyima Kivuli

Simu ya kuniambia kwamba Mzee Lugembe amefariki ilinikuta dukani kwangu, saa nne asubuhi, natengeneza bango la saluni kwenye kompyuta. Mwenye saluni alitaka jina lake liwe na kivuli, na siku hizi kivuli ni kazi ya kubonyeza mara moja: unachagua neno, unabonyeza, kivuli kinakuja chenyewe kimeshalainika pembeni, na usipokipenda unakiondoa bila kuchafua nguo. Nilikuwa nimeshabonyeza. Shija, mtoto mkubwa wa marehemu, akaniambia, "Dada Kabula, mzee ametutoka alfajiri, tunazika kesho," nami nikampa pole zote zinazostahili. Nilipoweka simu chini nikabaki nakitazama kile kivuli mpaka mteja akauliza kama umeme umekatika. Nimeandika majina ya watu kwenye kuta, mabati na vitambaa maisha yangu yote ya utu uzima, na sehemu kubwa ya maneno hayo nimeshayasahau. Lipo moja tu la herufi nne ambalo sijalisahau, na sikuliandika ukutani.

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimepanga chumba kimoja Ngokolo, pale pale Shinyanga mjini, nyumba ya tatu kutoka kwa Mzee Lugembe. Mali yangu ilikuwa ngazi, brashi saba na makopo ya rangi. Fundi aliyenifundisha kuandika mabango hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini juu ya kivuli alikuwa na mahubiri. Kivuli, alisema, ni heshima. Jina la mwenye duka linapewa kivuli. Sukari, sabuni na kiberiti havipewi, hivyo ni bidhaa tu. Buchani, NYAMA inapata kivuli, UTUMBO unaandikwa hivi hivi. Hotelini, jina la hoteli na neno KARIBU yanapata, na sijawahi kumwona fundi wa Shinyanga aliyeliwekea neno CHOO kivuli. Leo nacheka, lakini wakati ule niliishika sheria hiyo kama amri ya kanisani, na nilijivuna kwamba ukitazama bango langu unajua nani mkubwa na nani mdogo hata kabla hujamaliza kusoma. Vijana walikuwa wanakwenda Geita na Kharumwa kuchimba dhahabu, wengine wakirudi na chochote wanafungua maduka, na kila aliyefungua duka alitaka jina lake lisimame mbali na ukuta. Kazi haikukosekana.

Mwezi wa pili nikaitwa kuandika geti la kiwanda cha kuchambua pamba, sisi tunakiita jineri. Mwenye jineri alikuwa Mzee Jayanti, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa, anayezungumza Kisukuma kilichonyooka kuliko changu, na wakulima walimwamkia "mwangaluka" naye akawajibu bila kuinua macho kwenye kazi yake. Siku ya pili nikiwa juu ya ngazi, binti yake, Rekha, akatoka ofisini na kikombe cha chai, akasimama chini yangu muda mrefu. Alikuwa amesomea kompyuta Nairobi na alikuwa amerudi nyumbani miezi michache tu. Tulikuwa rika moja.

"Dada, hizo herufi umezichonga?" akauliza.

"Hapana, ni rangi tu."

"Mbona zimetoka nje?"

"Zina kivuli. Mwanga unatoka juu kushoto, kwa hiyo kivuli kinaangukia chini kulia. Jicho linadanganyika."

"Kila jicho?"

"La mtu na la mbuzi," nikamwambia, na hapo akacheka, chai ikamwagika. "Ukishuka," akasema, "nina kitu nataka ukione."

Chumba alichonipeleka kilikuwa zamani stoo ya sampuli. Kilikuwa na dirisha moja kubwa la vioo lililotazama uwanja wa malori, dirisha dogo la kupitishia karatasi, feni ya mezani na kompyuta iliyofunikwa khanga kwa ajili ya vumbi la pamba. Vumbi lile lilikuwa jeupe na jepesi, liliingia kwenye chai, kwenye nyusi, kwenye vitabu, na jioni ukikohoa unajua umefanya kazi wapi. Rekha alikuwa ameandika programu ya mezani pa daraja. Lori la pamba likifika, mpima daraja anaingiza mkono kwenye magunia, anavuta pamba, anaamua: ni safi au ni fifi. Safi ni ile nyeupe, kavu, isiyo na majani. Fifi ni ya madoa, iliyonyeshewa au kuliwa na wadudu. Zamani mpima daraja alipaza sauti na karani akaandika. Sasa angebonyeza kwa kipanya kwenye kioo cha kompyuta, na karatasi itoke kwenye dirisha dogo ikimwambia dereva ghala la kwenda. Vitufe vya kawaida vya mashine vilikuwa vidogo kama choroko, kwa hiyo Rekha alichora vyake mwenyewe, vikubwa kama kiganja, vya rangi. Tatizo, aliniambia, ni kwamba Mzee Lugembe, mpima daraja wao, alikaa mbele ya kioo nusu saa nzima akisubiri. Alidhani ni tangazo. Nilitazama nikaona mara moja: vilikuwa bapa, vimelala kwenye kioo kama karatasi iliyobandikwa, na hakuna kilichokuambia nishike.

Basi ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kuchora vivuli vya vitufe, kazi ambayo nikiwaeleza watu Ngokolo walidhani nimelogwa. Nilichora kwenye daftari la hesabu, lile la miraba, kila mraba nukta moja ya kioo. Rekha alihesabu miraba yangu kwa ncha ya kalamu na kuigeuza kuwa maandishi ya mashine. Tulianza kwa kubishana. Mimi ukutani naandika herufi kwanza, kivuli baadaye, ndivyo mkono ulivyozoea. Yeye akasema mashine inataka kinyume: unachora kwanza kivuli, mstatili mweusi uliosogea nukta nne kulia na nne chini, kisha unaweka kitufe juu yake kukifunika, na kinachobaki kuchungulia ndicho jicho litakachokiamini. Nilikataa siku nzima, halafu nikaona yuko sahihi. Nami nilimshinda kwenye weusi. Kivuli cheusi tii kilikuwa kizito, kilifanya kitufe kionekane kama kimewekewa tofali, na mashine yake haikuwa na kijivu cha kufaa kwa kuwa ilijua rangi kumi na sita tu. Nikamwambia afanye tunavyofanya ukutani rangi inapokuwa adimu: nukta moja weka, nukta moja acha, kama ubao wa drafti. Alipokubali na mashine ikachora upya, vitufe viliinuka kutoka kwenye kioo. Sote wawili tulinyoosha mikono kuvigusa, huku tukijua fika hakuna kitu pale.

Mchana tulikula mle mle. Yeye alikuwa na bati lake la ghorofa tatu, chapati, dengu na achari ya embe iliyonitoa machozi. Mimi nilileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, au ugali wa mtama na nsansa kwa mama lishe wa getini. Hakula nyama, na alipogundua kuwa nsansa ni majani ya kunde tu yaliyokaushwa alianza kunimalizia bakuli langu bila aibu. Dirishani tuliwasikia madereva wakisubiri zamu. Fulani duara lake, shimo lake la dhahabu, limetema kule Geita, kajenga. Fulani alishuka duarani hakupanda. Lori la mwingine limelala Isaka wiki, linangoja behewa. Rekha alinifundisha neno moja la kompyuta kwa kila chapati, na mwezi wa nne akaniambia wazi kwamba msimu ukifunguliwa na mambo yakienda sawa, baba yake ataniajiri nikae naye chumbani mle, kwenye kiti, chini ya feni, nijifunze. Mtu ambaye hajasimama juu ya ngazi saa nane mchana mwezi wa tisa hajui kiti ni nini. Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Mzee Lugembe alikuwa akija asubuhi kabla ya kazi nyingine kujizoeza. Alikuwa amepima daraja miaka mingi kuliko umri wangu; alikunja kipande cha pamba kati ya kidole gumba na cha shahada, akafumba macho, akasema, na hakuna aliyebishana naye. Tatizo lake lilikuwa mambo ya karibu: herufi za kioo zilimuunguza macho, akaziona kama chungu wanaotembea. Lakini vivuli aliviona. Rekha akamfundisha kwa sheria moja: chenye kivuli kinabonyezwa, kisicho na kivuli ni cha kusoma tu. Kitufe cha kushoto safi, cha kulia fifi. Ukibonyeza, kitufe kinazama na kivuli chake kinapotea, ukiachia kinainuka. Hilo lilimfurahisha mno. Alibonyeza, akaachia, akabonyeza, akaniambia, "Kabula mwanangu, kinakubali kama mlango." Kwa wiki tatu hakukosea hata mara moja. Na alihitaji asikosee, kwa sababu Mzee Jayanti alikuwa ameshasema mbele yetu sote, kwa sauti yake ile ya taratibu: asiyeiweza mashine siku ya kufungua msimu atahamia ghala la mbegu. Ghala la mbegu lilikuwa la kupakia magunia na kumeza vumbi, kazi ya vijana wenye vifua. Mpima daraja akipelekwa kule, mji mzima ungeelewa kuwa amekwisha.

Siku moja kabla ya kufungua, kazi ilikuwa imekwisha na mimi nilikuwa na muda. Hilo ndilo balaa la fundi. Nilikitazama kile kioo kama ninavyotazama bango kabla ya kushuka kwenye ngazi, na nikaona kasoro: SAFI na FIFI zina vivuli sawa. Fifi, pamba ya madoa, imesimama bega kwa bega na safi kama ndugu. Nikaona fundi wangu angecheka. Nikachora upya kwenye daftari: SAFI nikaipa kivuli kinene, nukta sita, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchora, FIFI nikaiondolea kabisa, nikaiacha imelala. Rekha alikuwa anahangaika na printa. Alitazama karatasi, akatazama kioo kilipojichora upya, akasema, "Imependeza," akaendelea na printa yake. Na ilikuwa imependeza kweli. Nilirudi nyumbani nimeridhika, nikampita Mzee Lugembe barazani kwake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniambia nilale salama, kesho tuna kazi.

Siku ya kufungua, malori kumi na moja yalipita mezani kwake. Mimi nilikuwa getini natia rangi nguzo, na nilimwona kupitia dirisha la vioo, ameketi wima, kofia imenyooka. Karatasi zilitoka dirishani moja baada ya nyingine, malori yakaenda. Kesho yake mchana, Jumanne, mkuu wa ghala akaja ofisini na konzi mbili za pamba ya madoa: mizigo mitatu ya fifi imemwagwa katikati ya safi, na karatasi zote tatu zimeandikwa SAFI. Mzee Jayanti hakupiga kelele. Alitoka, akamwita Mzee Lugembe chumbani, sisi wengine tukasimama mlangoni. "Baba Shija," akamwambia, "mizigo hii mitatu ulipima mwenyewe?" Mzee akakunja pamba vidoleni, akasema, "Hii ni fifi. Na jana nilijua ni fifi." Mzee Jayanti akaweka kidole kwenye kioo. "Sasa hapa pameandikwa FIFI. Hukupaona?" Mzee Lugembe akainama karibu kabisa, mpaka pua ikakaribia kugusa. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. "Niliona kimoja tu," akasema. "Nilidhani mmeviunganisha. Si mnasema ina akili, nilidhani itajua yenyewe." Rekha alikuwa akikagua kwenye karatasi maandishi ya programu yake, anatafuta kosa kwenye mahesabu, hakukitazama kioo. Mimi nilikitazama. Nililiona neno langu limelala pale bila kivuli, na nikaelewa kila kitu kabla mzee hajavuka kizingiti.

Ningesema wakati ule, ingekuwa sentensi moja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini haikutoka, na nikiacha kujipamba jibu ni fupi: niliogopa kile kiti kitaondoka. Nilijiambia nitamwambia Rekha jioni. Jioni nikajiambia asubuhi. Alfajiri ya Jumatano nilifika kabla yake, na kwa kuwa nilishajua kubadilisha namba nilirudisha kivuli cha FIFI mwenyewe, nukta nne, kama kilivyokuwa, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba nilikuwa na ujasiri wa kusahihisha kitufe na sikuwa na wa kumsahihishia mtu. Rekha aliona kimerudi, akadhani mimi nimeona hakipendezi. Kijana mwingine akawekwa mezani, hakukosea, na watu wakasema unaona, ni uzee tu. Mzee Lugembe alikuwa ghala la mbegu, anashona midomo ya magunia. Siku hizo tatu nilipita njia ya nyuma kwenda nyumbani ili nisipite barazani kwake. Kwa mama lishe nilimsikia dereva mmoja akisema, "Yule mzee kawekewa neno kubwa kama kiganja na hakuliona. Mama yake naye alianza hivyo hivyo, akaishia kutowajua wanawe." Sikuwa nimejua habari za mama yake.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilikwenda ghalani. Alikuwa amekaa juu ya gunia, sindano ya kushonea mkononi, nywele na nyusi nyeupe kwa vumbi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umepotea."

"Baba, neno FIFI siku ile halikuwa na kivuli. Nilikiondoa mimi, siku moja kabla. Nililiacha limelala."

Akanitazama. "Rudia."

Nikarudia. Nikamweleza habari za fundi wangu, za heshima, za buchani na utumbo. Nikachukua mkaa, nikachora ukutani vitufe viwili kama vilivyokuwa siku za mazoezi, na pembeni yake viwili vya siku ya kufungua. Akaja karibu, akarudi nyuma, akaja tena.

"Kwa hiyo siku ile kilikuwa kimoja."

"Cha kubonyeza kilikuwa kimoja."

"Macho yangu yaliona kilichokuwepo."

"Ndiyo baba. Uliona sawa."

"Na kichwa changu."

"Kichwa chako kizima."

"Rudia hilo la mwisho," akasema, na niliporudia akakaa chini, akafunika uso kwa mikono yake yote miwili yenye vumbi, mabega yakatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote. Nilisimama pale nikilia wazi wazi, na yeye ndiye aliyeinuka kunifuta uso kwa pindo la shati lake, akiniambia nyamaza, nyamaza mwanangu, mbegu zitaota. Kisha akasema twende ofisini, na niliposema nitakwenda peke yangu akakataa. "Kosa halibebwi na mtu mmoja kama gunia," akaniambia. "Twende wawili."

Mzee Jayanti alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Rekha alikuwa amesimama nyuma yake, na niliona anavyokumbuka neno lake lile la "imependeza", akasema, "Baba, mimi pia nilikiona na nikakipitisha." Mzee Jayanti akaagiza kioo kirudishwe kilivyokuwa siku ya kufungua, akamwita karani, akamwita mlinzi, akamwita yule kijana aliyewekwa mezani, akawaambia mmoja mmoja: bonyeza fifi. Karani alizungusha kishale mpaka akauliza kiko wapi. Mlinzi akabonyeza SAFI. Yule kijana naye akabonyeza SAFI, akashtuka mwenyewe. Kisha kivuli kikarudishwa, Mzee Lugembe akaketi, akaletewa konzi za pamba, na akazipima zote akibonyeza bila kusita. Mzee Jayanti akasimama, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia kwa Kisukuma kwamba anamwomba radhi. Halafu akanigeukia. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu angekuwa nayo. "Umechora vizuri sana," akasema. "Kukosea kivuli si kitu, hata mwanangu alikosea. Lakini mtu alikuwa kule anashona magunia siku tatu, na wewe ulikuwa unajua. Siwezi kukuweka kwenye kiti ambacho ndicho kinaamua mzigo uende wapi." Nilisema asante. Sikuona cha kubisha hata wakati ule, na leo sioni.

Nilirudi kwenye ngazi. Rekha alinitumia chapati msimu mzima kwa mkono wa mlinzi, na mara mbili alikuja mwenyewe kula nsansa, lakini kaka yake alipooa, wote walihamia Dar es Salaam na tukapoteana bila ugomvi. Mzee Lugembe alipima daraja misimu mingine mingi mpaka jineri ilipofungwa. Hakunitaja kwa mtu yeyote. Nilipopita barazani alinipa kiti, tukazungumza mvua, tukazungumza Kishapu kwao, na kwa miaka niliamini kwamba deni la siku zile tatu lilikwisha siku ile ile ghalani, kwa machozi na pindo la shati. Kuandika mabango niliendelea nako, ila ile sheria ya heshima niliiacha. Wateja waligomba mwanzoni walipoona UTUMBO una kivuli.

Nilifika msibani mchana wa siku ya maziko, nikaingia ndani kwa akina mama, nikakaa kwenye mkeka karibu na Mama Shija. Alikuwa ametulia, amejifunga khanga kiunoni, anawapokea watu. Baada ya maziko, watu walipopungua, akaanza kuzungumza habari za mumewe kama wajane wanavyozungumza, akiruka kutoka mwaka huu hadi ule. Akasema watu wengi wanamsifu marehemu kwa ukarimu, eti alimpa mdogo wake wa Kishapu ng'ombe wote kumi na saba akiwa bado na nguvu zake. "Haukuwa ukarimu," akasema. "Ni mwaka ule walipompeleka ghala la mbegu. Aliamini akili inamtoka kama mama yake. Kila akirudi jioni ananiambia nimuulize majina ya watoto, ananitajia, ananiambia niulize tena. Akamwita mdogo wake, akamkabidhi ng'ombe mbele ya mashahidi, akasema chukua kabla sijaanza kuwapoteza. Halafu Ijumaa akarudi anacheka, amekula ugali wote, ananiambia ni mashine ilikosea, yeye mzima."

Nikamuuliza kwa nini hakuwarudisha ng'ombe.

"Nilimwambia hivyo. Akasema, ili niwadai lazima niseme siku ile sikuwa na akili timamu. Nami nimetoka kuambiwa ninazo. Siwezi kuziuza tena kwa ng'ombe." Akavuta khanga. "Shija aliacha shule mwaka uliofuata. Tukaishi."

Miaka yote ile Mzee Lugembe aliyonipa kiti barazani, alikuwa anajua siku zangu tatu zilimgharimu nini. Angeweza kuniambia, na hakuniambia, na mkewe alikuwa ameshika mkono wangu bila kujua ni wa nani.

"Mama Shija," nikasema, "mashine haikukosea. Lile neno ambalo baba hakuliona, mimi ndiye niliyeliondolea alama yake. Na nilijua siku ile ile walipomwita. Nilikaa siku tatu ndipo nikamwambia."

Hakuniachia mkono. Alikaa akitazama mlangoni, kule wanaume walikokuwa wanakunja turubai, midomo yake ikitembea taratibu, na nikaona anahesabu.

"Siku ya kwanza," akasema, "alikuwa bado hajamwita mdogo wake."